Msomi Asiyejua Kushika Msumeno

Leo nina hasira, na hasira zenyewe nitazimalizia hapa hapa. Chanzo chake ni stendi ya spika. Ndiyo, stendi ya spika. Wewe cheka tu. Ukimaliza kucheka soma mpaka mwisho, halafu uniambie kama hasira hizi ni zangu peke yangu au na wewe zinakuhusu.

Nianze na kisa chenyewe. Nina spika mbili ndogo na amplifaya ya zamani, vyote nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Kwa miezi minne spika hizo zilikaa sakafuni katika chumba changu cha kupanga huku Tabata, moja nyuma ya mlango, nyingine kando ya ndoo ya maji. Muziki ukawa unatoka kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Besi imejaa chumba kizima, maneno ya mwimbaji huyasikii. Nikaamini kabisa kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kumbe spika ni nzima, mbovu ni mimi.

Sikiliza. Sauti nyembamba hutoka kwenye ile spika ndogo ya juu ambayo mafundi wetu huiita twita, nayo huenda mbele kama mwanga wa tochi. Ukiiweka sakafuni inayaimbia magoti yako. Sauti nzito husambaa kila upande, na ikikutana na sakafu pamoja na kuta mbili za kona inaongezeka nguvu, ndiyo maana chumba kinanguruma. Dawa yake ni ndogo mno. Nyanyua spika mpaka twita iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, itoe kwenye kona, iache mbali kidogo na ukuta. Basi. Hakuna uchawi. Ni fizikia ya sekondari, ile ile niliyoifanyia mtihani nikafaulu, halafu nikakaa miezi minne nalaumu spika.

Haya, nikajua nahitaji stendi. Msomi akihitaji kitu anafanya nini? Anakwenda dukani. Nikaingia duka moja la samani, lile la vioo na kiyoyozi, jina silitaji. Stendi zipo, jozi moja shilingi 380,000. Nikaipapasa. Chipbodi! Yaani unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa, kisha ukabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Nchi yenye mninga, mkongo na mvule, nchi yenye shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, inaagiza picha ya mbao kwa meli. Na kila aliyekaa Dar anajua chipbodi inavyofanya ikipata unyevu. Inavimba kama andazi, na skurubu ikishatoka mara moja hairudi tena ikashika.

Lakini si hilo lililonitia hasira. Kilichonitia hasira ni nilichokifanya baada ya hapo. Nilitoa simu nikaanza kupiga hesabu ya namna ya kulipa. Sikuuliza "bei ya mwisho shilingi ngapi?" Sikusema "punguza kidogo bosi." Kibandiko kimesema 380,000, mimi ni nani nibishane na kibandiko?

Sasa rudi nyuma wiki mbili kabla ya siku hiyo. Nilikuwa Keko, kwa seremala, nataka rafu ya vitabu ya mninga. Mninga kweli, si picha. Akaniambia 250,000. Nikacheka kwa dharau ya makusudi, nikaondoka hatua tano, nikarudi, nikamwambia fundi unaniua, nikamwambia mbona mwenzako pale anafanya kwa bei ya chini, nikamkalisha juani nusu saa nzima mpaka akakubali 170,000. Jioni nikawahadithia wenzangu chumba cha habari jinsi nilivyombana. Wakanisifu. "Mtoto wa mjini wewe!"

Umeona? Kwenye unga wa mbao wa kutoka ng'ambo mimi ni mpole kama kondoo. Kwenye mninga wa mtu anayetoka jasho mbele ya macho yangu mimi ni simba. Na usiniambie wewe hufanyi hivyo. Tunafanya wote. Hii, ndugu zangu, ndiyo kasumba ninayotaka kuizungumzia.

Basi nikatoka dukani mikono mitupu. Nikajiambia, stendi ni nini? Ni kipande cha chini, nguzo, na kipande cha juu. Kitu chenye sehemu tatu kinamshinda mwenye digrii? Nikaapa kwamba nitaitengeneza mwenyewe.

Nikaazima msumeno, guni na keekee kwa fundi jirani yangu hapa mtaani. Nyundo, bisibisi na futi ninavyo. Nikanunua mbao za paini, mbili za inchi 1 kwa 4 na moja ya 1 kwa 8, zote za futi 12, pamoja na gundi ya mbao, skurubu na msasa. Jumla shilingi 46,000 na nauli ya bajaji ndani yake.

Vipimo vilikuwa rahisi. Nikikaa kwenye kochi masikio yangu yapo sentimita 96 kutoka sakafuni. Twita ya spika yangu ipo sentimita 24 kutoka kwenye kitako cha spika. Toa hiyo, inabaki 72. Huo ndio urefu wa stendi. Mpaka hapo shule ilinisaidia, siikatai.

Baada ya hapo shule ikaniacha njiani. Nilichora mistari ya kukatia kwenye ubao, vipande vitano vya sentimita 66, kimoja baada ya kingine bila kuacha nafasi. Nikakata. Kipande cha kwanza sawa. Cha pili kikapungua milimita mbili. Cha tatu vile vile. Nikapima upya nikidhani futi imeharibika. Fundi jirani alikuwa amesimama muda wote ananiangalia, hasemi kitu. Mwishowe akauliza, "Mwandishi, unga huu wote uliodondoka chini ulitoka wapi?" Ndipo nikaelewa. Msumeno una unene. Kila unapokata unakula mbao, na mbao iliyoliwa hairudi. Jambo hilo analijua kijana wa darasa la saba anayefagia karakana. Mimi mwenye shahada sikulijua, kwa sababu katika vitabu vyangu vyote mstari hauna unene.

Na ukataji wenyewe! Msumeno ulikuwa unakwenda unakotaka wenyewe. "Mbao hiyo imekukosea nini?" fundi akauliza. Akaniambia nilegeze mkono, nisikandamize, msumeno una meno ya kutosha hauhitaji hasira zangu. Akaniambia nitoboe kwanza kwa keekee kabla ya kutia skurubu la sivyo mbao itapasuka karibu na ncha. Sikumsikia, nikatia moja moja kwa moja. Ikapasuka.

Nguzo niliitengeneza kwa mbao nne zilizozungushwa kama boksi refu lililo wazi katikati, nikaibana kwenye kitako kwa gundi na skurubu. Kitako nilikipata kwa kuunganisha vipande viwili vya ile mbao pana. Ndani ya nguzo nikatia mchanga mkavu, niliouanika bati zima la jua siku mbili, nikaufunga kwenye mifuko ya nailoni usije ukavuja. Kila nguzo ilimeza karibu kilo sita. Mchanga una kazi mbili. Unaipa stendi uzito wa chini isianguke mtoto akiigusa, na unaua mtetemo, kwa sababu nguzo tupu huitikia muziki kama debe. Juu nikafunika kwa kipande cha kuwekea spika.

Nikaisimamisha. Ikayumba. Sakafu ya chumba changu si sawa, na miguu minne niliyoweka haikukubaliana. Nikaweka karatasi chini ya mguu mmoja, ukanyanyuka mwingine. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Kijana, bibi yako alipikia mafiga mangapi?"

Matatu! Mafiga matatu! Chungu hakiyumbi juu ya mafiga matatu hata kama ardhi ina mabonde, na kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote unapokiweka. Shuleni nilifundishwa kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja huunda bapa moja tu. Nilikariri. Bibi yangu hakusoma jiometri, lakini alikuwa anaipikia kila siku. Elimu ile ile, ila kwake ilikuwa inaivisha ugali na kwangu ilikuwa inaivisha mtihani. Nikang'oa miguu minne, nikaweka mitatu, kila mmoja na kipande cha ndala iliyokatika kwa chini. Ikatulia.

Usiku ule nilikaa kwenye kochi nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Wimbo nilioujua kwa miaka. Sijawahi kuisikia pumzi ile.

Stendi zangu si nzuri. Moja ina ufa, nyingine imeinama kidogo ukiitazama kwa pembeni. Lakini sikukaa hapa kujisifia. Nimekaa kuuliza, ilikuwaje mtu nisome miaka 16 na zaidi nitoke sijui kwamba msumeno una unene?

Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala. Vitanda vya kijiji kizima, milango ya kanisa, madawati ya shule, vyote ni mikono yake. Nilipokuwa mdogo nikienda likizo nilikuwa nacheza na maranda kwenye karakana yake, na kila mara mama alinitoa mle. "Soma, usije ukawa kama babu yako." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipenda. Babu mwenyewe alikuwa anasikia, na alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Mtu aliyewapa watu wote pahala pa kulala alikubali kwamba yeye ni mfano wa kushindwa.

Alipofariki wajukuu tulikutana kugawana vitu. Wote wasomi. Mhasibu yupo, mwalimu yupo, mwandishi wa habari mtarajiwa nilikuwepo. Redio ikagombewa. Baiskeli ikagombewa. Sanduku la vifaa halikupata mtu. Randa tatu, patasi, misumeno miwili, jiriwa ya chuma. Akaja kijana wa chuma chakavu. Mbao za randa akazitupa, chuma akakipima kwa kilo. Nani alimsaidia kubeba kuweka kwenye mzani? Mimi. Nilipokwenda kuazima msumeno kwa jirani nilikumbuka mzani ule.

Usidhani namlaumu mama. Alisema kilichosemwa na nchi nzima. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alieleza kwamba elimu tuliyorithi kwa mkoloni inachagua wachache, inamtenga msomi na jamii yake, na inamfanya aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Akataka shule iwe na shamba au karakana, mwanafunzi ajifunze kwa kufanya. Wazo zuri. Sisi tukalifanya nini? Shuleni kwetu jembe na fyekeo vilitolewa kwa sababu mbili tu: mgeni anakuja, au umechelewa namba. Kazi ya mikono ilikuwa ADHABU. Mtoto anayejibu vizuri anakaa kivulini, anayekosea anakwenda kulima. Halafu tunashangaa kwamba tumekua tunaona anayetumia mikono ni mtu aliyekosea mahali.

Katika shule ya msingi tulikuwa na somo la Stadi za Kazi. Jina tamu! Nilinakili ubaoni matumizi ya randa, nikachora msumeno kwa penseli, nikaupaka rangi, nikapewa vema. Msumeno wenyewe hatukuuona. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumchorea bahari. Shule za ufundi za kweli zilikuwepo na zipo, Ifunda, Tanga, Moshi na nyinginezo, lakini ni chache kwa nchi yenye watoto wengi namna hii. Waliobaki tulichora.

Sasa tunaambiwa mambo yanabadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari, elimu ya jumla na elimu ya amali. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili, yenye malengelenge. Lakini nina swali, na swali hili naliuliza kwetu sisi wenye digrii, maana sisi ndio wazazi wa kesho kutwa. Mwanao akija akakwambia anataka mkondo wa amali, aende useremala, utapiga vigelegele? Au utamwita mjomba aje amshauri? Kama jibu lako ni la pili, basi mkondo wa amali umeshakuwa shimo la kutupia watoto wa wengine. Sera nzuri itazikwa na wazazi wale wale wanaoisifu kwenye semina.

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema, dunia ya leo ni ya kugawana kazi, daktari atibu, seremala arande, kila mtu na lake. Nakubali. Sijasema kila mtu awe seremala, na stendi zangu ni ushahidi kwamba mimi sitakuwa. Lakini kugawana kazi ni makubaliano ya watu wanaoheshimiana. Sisi hatugawani kazi, tunagawana heshima, na tumejipa yote.

Wa pili atasema, muda ni pesa, siku mbili za stendi ungeandika makala tatu. Labda. Lakini muda huo huo tunaubandika kwenye simu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita, mbona hapo hatuuhesabu?

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja, atasema: ukijitengenezea mwenyewe, fundi atakula nini? Wewe msomi mwenye mshahara unamnyang'anya seremala riziki kisha unajiita mtetezi wake. Hoja hii ilinikalisha macho. Jibu langu ni hili. Fundi hajanyimwa riziki na mtu aliyejaribu kukata mbao akashindwa. Amenyimwa riziki na mtu ambaye hajawahi kukata, kwa hiyo anaona kazi ile ni rahisi. Niliposimama na ule ubao uliopasuka ndipo nilipoelewa nilimfanyia nini yule mzee wa Keko. Alisema 250,000. Ndani yake mlikuwa na mninga, nauli ya mkokoteni, umeme wa mashine, kodi ya banda, na siku tatu au nne za mikono isiyopasua mbao. Mimi nilimnyang'anya 80,000 kwa ulimi, nikapongezwa.

Na ndiyo maana mafundi wetu wanatulaza na viporo. Tunalalamika kila siku: fundi muongo, fundi anakula advansi, fundi kaniwekea mbao mbichi. Ni kweli wapo waongo, nami nimeumwa nao. Lakini ukimbana mtu mpaka chini ya gharama, unategemea mbao kavu itoke wapi? Kuanika mbao ni muda, na muda hukutaka kuulipia. Ulinunua uongo, ukauziwa uongo.

Jumamosi iliyopita nilirudi Keko. Nilitaka meza ndogo ya kuwekea amplifaya, yenye nafasi ya kupitisha hewa nyuma na juu maana hupata joto. Fundi ni yule yule. Akataja 120,000, kisha akakaa vizuri, akajiandaa kwa vita. Nikamwambia sawa, ila nataka mbao iliyokauka. Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Sawa kabisa? Hupunguziwi?" Nikamwambia sawa kabisa. Nikamweleza habari ya stendi, mafiga matatu na yote. Akacheka. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza, akanipeleka nyuma ya banda kunionyesha mbao zenyewe. Akaniambia hii ina miezi sita ndani, hii bado, gonga usikie. Nikagonga zote mbili. Kavu inalia, mbichi inanyamaza.

Nimesoma Kiingereza, takwimu na sheria za habari. Kugonga mbao nikasikia kama imekauka nimefundishwa juzi, na mtu ambaye nilidhani kazi yangu kwake ni kumpunguzia bei.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mwezi huu tengeneza kitu kimoja kwa mikono yako. Rafu, kigoda, stendi, chochote. Kiharibu ikibidi. Halafu nenda kwa seremala wako, na kabla hujafungua mdomo kusema "punguza," kumbuka ubao wako ulivyopasuka. Na kama kwenu kuna sanduku la vifaa vya mzee yeyote, tafadhali, kijana wa mzani akija, mwambie halipimwi.

Naomba kuwasilisha.